Bawasiri bila kisu ipo hospitali, mbona hamsemi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee bawasiri. Najua kuna watakaocheka, lakini kijiweni kwetu madereva wa utalii hapa Arusha hii kitu ipo sana tu, ila kila mtu kaificha.

Wale jamaa wa spika stendi wanatangaza "bawasiri bila kisu, bila operesheni" na wateja hawaishi, na wala siwashangai wateja maana wengi wanajua hospitali ni njia moja tu, unapigwa nusu kaputi, unakatwa, halafu wiki nzima na zaidi kukaa huwezi. Kumbe hata hospitali bila kisu ipo, tena tangu miaka ya 1960, shida ni kwamba haina spika.

Daktari anaingiza kifaa kama kibomba kifupi, anaiona ile bawasiri ya ndani, anaibana shingoni na kampira kadogo, damu haifiki tena, basi inanyauka na kudondoka yenyewe ndani ya siku 10 hivi. Nusu kaputi haihitajiki, kwa sababu kule ndani inapofungwa hakuna maumivu kama ya ngozi ya nje, wengi wanasikia tu kujaa na kubanwa haja siku moja mbili, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ipo pia ya sindano ya kusinyaza mishipa na ile ya mwanga wa infraredi. Sio muujiza lakini, inaweza kurudi ukafungwa tena, na ikifika daraja la 4, yaani imetoka na hata ukiisukuma hairudi, hapo mara nyingi kisu hakikwepeki. Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda mwambie daktari kabla. Na ukishafungwa, ukipata homa, mkojo ukigoma au damu ikitoka nyingi, rudi hospitali usiku huo huo usisubiri asubuhi.

Jamaa wa spika hakupimi wala hakuulizi kitu. Damu chooni inaweza kuwa saratani ya utumbo mpana, sasa mtu anapaka midawa miezi na miezi kumbe ugonjwa ni mwingine kabisa! Na baadhi ya hizo dawa zinaunguza, kovu linabana njia, haja inakuwa mtihani kuliko mwanzo.

Na sisi madereva nako tunajitakia, ukiwa Serengeti huruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo kwa hiyo mtu hanywi maji kutwa nzima, jioni chipsi, choo kinakuwa kigumu, halafu anakaa chooni na simu nusu saa anajikamua. Makande, mchicha na parachichi huku kwetu havijawahi kuwa shida kupata.

Ombi langu, madaktari wetu wa Arusha na Moshi wakiitwa redioni waseme wazi nani anafunga kwa mpira, siku gani, bei gani, na bima inalipa au hailipi, maana mtu akijua bei anajipanga. Na wewe Mhariri, yale matangazo ya "tiba ya uhakika siku 3" mnayochapa ukurasa wa nyuma, kuna mtu huwa anayakagua kabla hamjapokea hela?

Dereva wa utalii,
Arusha