Umeme wa saa nane usiku

Ipagala, Dodoma
24 Agosti

Mpendwa Mama Joshua,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, isipokuwa kifua cha Baba Mwaja, ambacho unakijua, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane haujawahi kukionea huruma. Joshua alifika salama Jumatano, amemaliza shughuli zake za chuo, na kesho asubuhi anapanda basi kurudi Singida. Yeye ndiye mjumbe wa barua hii. Ningekurekodia kwenye simu, lakini tunajuana: ungesikiliza nusu dakika, mtu apige hodi, basi tena. Halafu humu ndani mna hesabu, na hesabu uisome mwenyewe, ukiwa na kalamu.

Joshua kanisimulia mambo yako, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Anasema siku hizi unaamka saa nane usiku. Unawasha pampu, unapiga pasi nguo za wiki nzima, na nyumba nzima imepigwa marufuku kuoga maji ya moto mpaka usiku wa manane, kwa sababu Neema alikupigia kutoka Uingereza akakwambia umeme wa usiku ni bei rahisi. Mama Joshua, wewe una presha. Lala.

Neema hajakudanganya, amekwambia ya kule aliko. Waingereza wana mpango wao unaitwa Economy 7, upo tangu mwaka 1978. Kwa muda wa saa saba za usiku umeme unauzwa kwa bei ya chini, maana ofisi zimefungwa, watu wamelala, na mitambo mingine ya kufua umeme si kitu cha kuzima na kuwasha kama redio. Mita yao inahesabu uniti za mchana peke yake na za usiku peke yake. Wengine wana hita zenye matofali ndani: yanapashwa usiku kwa umeme wa bei rahisi, mchana kutwa yanatoa joto lake polepole. Ila sijui kama Neema alikumalizia habari: aliye kwenye mpango huo, uniti ya mchana anailipia zaidi ya jirani asiye nao. Akijisahau akafua na kupika mchana, imekula kwake. Hapo jirani Kenya nako kuna punguzo la saa za usiku tangu Desemba 2017, lakini lililengwa kwa viwanda na biashara kubwa. Pasi ya mama wa nyumbani haimo.

Kwetu mteja wa nyumbani analipa bei ileile saa sita mchana na saa nane usiku. LUKU, mita yetu ya kulipia umeme kabla, haijali umeamka au umelala.

Najua utasema, "Mbona mimi nimeona kwa macho yangu?" Joshua kanieleza na hilo. Tarehe 2 asubuhi ulinunua umeme wa 10,000, ukapata uniti 23 na pointi zake. Wiki iliyofuata ukanunua usiku, 10,000 hiyohiyo, ukapata 28. Ukajiambia Neema kasema kweli. Hiyo tofauti ni kodi ya jengo, mwenzangu. Inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, ilianza na 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida kama zetu. Ukinunua mara ya kwanza mwezi ukianza, wanachukua chao kwanza, wewe unapewa umeme wa 8,500 iliyobaki. Ukinunua tena ndani ya mwezi huo unapata 10,000 yako kamili. Ungenunua ya pili hata saa sita mchana jua likiwaka, ungepata 28.

Mimi mwenyewe nisijifanye mjanja. Mwaka jana miezi kama hii nilikuwa nalia kuliko wewe. Tulikuwa tunatumia uniti 140 kwa mwezi, karibu 50,000, na nyumba yangu unaijua, hakuna kiyoyozi wala jiko la umeme. Fundi mmoja wa mtaani akaja akaitazama mita, akatikisa kichwa, akasema "inakimbia", na kwamba kwa 40,000 anaweza "kuituliza". Nilimpa chai nikamtoa mlangoni. Kuchezea mita ni kesi, na mimi mahakamani sitaki kwenda hata kama shahidi. Baada ya hapo lawama nikaziangushia friji. Nilishaanza hadi kuitafutia mteja.

Kilichonifumbua macho ni ile taa nyekundu ndogo ya kwenye mita, inayopepesa. Pembeni yake yangu imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Nikasema leo nitakaa nayo. Usiku, watoto wamelala, nikazima friji, nikachomoa TV, redio, chaja, kila kitu. Baba Mwaja kashika tochi, analalamika baridi. Nilitarajia taa ile ife kabisa. Kimya. Halafu tii, ikapepesa. Nikahesabu kwa saa ya simu: sekunde 36, tii. Sekunde 36 nyingine, tii. Ndani hakuna hata kitu kimoja kinachowaka, na mita inahesabu kwa mwendo mmoja kama mtu anayetembea zake taratibu akijua anakokwenda.

Piga hesabu na wewe. Saa moja ina sekunde 3,600. Kila sekunde 36 mara moja, ni mara 100 kwa saa. Wati 100. Baba Mwaja ndiye aliyesema, "Taa." Taa gani wakati tumezima zote? Tukazunguka nyuma, kwenye stoo. Unamkumbuka Elia, mtoto wa dada yangu anayekaa kwetu? Alikuwa ameweka vifaranga 30 ndani ya boksi, na juu yao balbu ya wati 100, ile ya zamani ya kuunguza, inawaka usiku na mchana ili wasife na baridi. Waya kaupitisha dirishani, vizuri kabisa, hauonekani. Vifaranga wenyewe nilikuwa nawajua, hata mayai nilishaanza kuyahesabu kichwani! Balbu ndiyo sikuwahi kuifikiria. Nani anaogopa balbu?

Sasa sikia: wati 100 kwa saa 24 ni uniti 2.4. Kwa siku 30 ni uniti 72. Kwa bei niliyokuwa nalipa, wale vifaranga walikuwa wanakula umeme wa 25,000 na ushee kwa mwezi kabla hawajagusa pumba. Friji niliyotaka kuiuza haikufika hata nusu ya hapo. Elia hakukosea sana, kifaranga bila joto anakufa, lakini tulimtengenezea boksi la mbao, tukajaza maranda, balbu ikawa ndogo na ya usiku tu. Kundi lililofuata lilikua vilevile.

Baada ya hapo tukashuka mpaka uniti 68 kwa mwezi, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikuandikie. Unafuu wetu sisi uko kwenye idadi ya uniti. TANESCO, shirika letu la umeme, wana daraja la mteja mdogo wa nyumbani, D1. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni 100 kila moja, ukiongeza VAT asilimia 18, ya REA wa umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA wasimamizi wa nishati asilimia 1, inakuwa 122. Wewe na mimi tulikuwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292, na makato hayohayo inafika 356. Uniti 75 kwa D1 ni 9,150. Uniti hizohizo kwa T1 ni 26,700. Hakuna pasi ya usiku itakayokupa punguzo kama hilo.

Nilikaa miezi mitatu chini ya 75, kisha nikaenda ofisini kwao na namba ya mita. Waliangalia matumizi yangu ya nyuma, nikahamishwa. Siku hizi nalipa 9,150 na ile 1,500 ya jengo, nimemaliza mwezi. Lakini D1 ina miiba yake. Ukizidisha 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, yaani 427, kuliko hata T1. Kwa hiyo usije ukapata hela ukanunua umeme wa miezi miwili kwa mkupuo. Na ukizoea kuzidisha, utarudishwa ulikotoka. Mwezi wa sita tulikuwa na kipaimara, wageni siku tano, nililipa hiyo 427 nikiwa natabasamu usoni tu.

Tena nikwambie, hiyo 75 siipendi. Kijana anayekaa peke yake na nyumba ya watu tisa wamepimwa kwa kibaba kimoja. Na bei ya usiku nayo nisingeikataa. Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, na usiku wa manane sisi wote tumelala. Baba Mwaja anasema maji ya bwawa si maziwa, yakikaa mpaka asubuhi hayagandi, kwa hiyo hakuna haraka ya kuyauza usiku. Labda. Baba Mwaja ana jibu la kila kitu.

Tuje kwako. Joshua anasema 10,000 haikufikishi siku ya tano. Hiyo ni kama uniti 170 au zaidi kwa mwezi. Pasi yako ya wati 1,000, hata ukiipiga saa nzima na nusu, haifiki uniti 1.5 kwa wiki. Pampu ya nguvu ya farasi moja ikijaza tenki kwa nusu saa ni kama nusu uniti tu. Umepoteza usingizi kwa vitu viwili ambavyo havina hatia. Mwenye hatia wa kwanza ni hita ya bafuni. Nimemwagiza Joshua akaisome, imeandikwa ubavuni, akikumbuka vizuri ni wati 5,500. Watu wanne, dakika sita sita, ni uniti 2.2 kwa siku, 66 kwa mwezi. Hiyo peke yake karibu inamaliza 75 zote. Na Joshua hatoki kwa dakika sita, hapa kwangu nimemsikia akiimba beti zote. Singida jua mnalo. Weka madumu meusi juu ya bati saa nne asubuhi, jioni maji yana uvuguvugu wa kutosha, siku ya baridi kali mtaongezea maji ya birika.

Wa pili ni wapangaji. Usinikasirikie. Vyumba viwili vya nyuma viko kwenye mita yako, na wote wana majiko ya umeme. Wakikupa 10,000 kwa mwezi kila mmoja unaona umepata, kumbe wao ndio wanaokufungia mlango wa D1. Kwa mita moja ya nyumba tatu, 75 hutaiona milele. Ombeni mita zao, gharama mgawane, kila mtu abebe mzigo wake. Friji yako ipime mpira: funga mlango juu ya noti ya 1,000, uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka, na baridi inavuja usiku kucha.

Jambo moja tu la saa ndilo ningelitunza. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne, mtaa mzima ukiwa umewasha, taa zenu zinafifia, Joshua kaniambia. Wakati huo usiwashe pampu, mota inapata moto na kuungua. Iwashe saa tano asubuhi. Saa nane usiku waachie walinzi.

Nimempa Joshua ndoo ya zabibu za mkulima wetu wa kule Hombolo, nyeusi, zimeiva sawasawa. Ndoo ni ya mfuniko wa bluu na ndoo hiyo naitaka, ya mwaka juzi bado iko kwako. Mita yako itazame imeandikwa namba gani pale kwenye taa, nyingine si 1000, unitumie kwenye simu nikufanyie hesabu kabla hujaanza kuhesabu sekunde.

Msalimie mzee na wapangaji pia.

Ni mimi mwenzako,
Mama Mwaja