Barua kwa wanangu "mliotupiwa" Stadi za Mawasiliano

Wanangu wapendwa,

Jumatano iliyopita nilikuwa stendi ya Nyegezi nasubiri daladala ya Buhongwa, mmoja wenu akaniona akaja kunisalimia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza muhula huu amepangiwa kufundisha kozi gani. Akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. "Wamenitupia Stadi, Mama." Wenzake wawili aliokuwa nao wakampa pole pale pale. Daladala ikaja, nikapanda, lakini lile neno nimelala nalo siku tatu. Ndiyo maana nawaandikia nyote, wakufunzi wasaidizi na wahadhiri wasaidizi wa vyuo vya Mwanza mnaofundisha mwaka wa kwanza Stadi za Mawasiliano, ile kozi ya kuandika na kujieleza kwa Kiingereza.

Mimi nimeifundisha kozi hiyo miaka 31. Nilipewa kwa sababu ile ile mliyopewa ninyi: nilikuwa mgeni idarani na wakubwa hawakuitaka. Miaka ya mwanzo nami niliihesabu kama mzigo wa kupita. Baadaye nilipoulizwa kama nataka kupumzishwa nilikataa, na nilikataa kila mara hadi nikastaafu. Nataka mjue kwa nini.

Kwanza, kazi hii si ya juzi. Balagha, yaani elimu ya kusema na kuandika mpaka msikilizaji akakubali, ilikuwa na mwalimu anayelipwa na hazina ya dola huko Roma katika karne ya kwanza, enzi za Kaisari Vespasian. Jina lake Quintilian. Alifundisha vijana miaka mingi, kisha akaandika vitabu 12 juu ya namna ya kuwafundisha. Nitamrudia, maana kuna jambo alilosema ambalo ningelijua mapema nisingemuumiza mtoto wa watu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea insha ya binti mmoja aliyekuwa anasomea ualimu. Kurasa nne, mwandiko mzuri wa kulala. Niliikalia na kalamu nyekundu kama mtu aliyetumwa kuwinda. Ukurasa wa kwanza peke yake nilitia alama zaidi ya 40. Nakumbuka kwa sababu nilizihesabu, tena kwa fahari. Binti alipoipokea aliitazama kidogo, akaikunja mara nne mpaka ikaenea kiganjani, akaitia ndani ya daftari. Insha zake zilizofuata zilikuwa fupi, sentensi za maneno sita saba, kila neno la kidato cha pili. Makosa yakaisha, alama zikapanda, nami nikajisifu. Muhula ulipokwisha ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameacha kuandika jambo lolote ambalo hakuwa na hakika na tahajia yake. Mambo aliyokuwa nayo kichwani yalibaki huko huko, na aliyeyafungia ni mimi.

Quintilian aliliona hilo kwa watoto wa Kirumi. Alisema kwamba mtoto anayesahihishwa kwa ukali kupita kiasi huanza kuogopa kila kitu, na mwisho hajaribu chochote. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 1,900. Yabandikeni juu ya meza zenu.

Makosa yapo, na sisemi myafumbie macho. Nasema myasome. Mwaka 1970 vyuo vikuu vya umma vya jiji la New York vilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini humo, wakaingia vijana wengi ambao wahadhiri waliona hawafundishiki. Mwalimu mmoja wa City College, Mina Shaughnessy, alikaa na insha zao zipatazo 4,000, akazisoma kama mganga anavyosoma dalili. Mwaka 1977 akachapisha alichokiona: makosa yale yana kanuni zake, na anayekosea anafuata mantiki fulani aliyojijengea. Hata kwetu ni hivyo. Mtoto wa Misungwi akiandika Kiingereza na kumtaja mama yake kwa kiwakilishi cha mwanamume, wengi wetu tunacheka. Lakini katika Kiswahili "amekuja" ni baba, ni mama, ni shangazi, na Kisukuma alichonyonya nacho hakitenganishi. Mweleze hilo kwa dakika mbili, aone kosa lake limetoka wapi, na utashangaa atakavyojisahihisha mwenyewe.

Najua mtaniambia, Mama, tuna wanafunzi 240. Hesabu naijua. Dakika nane kwa kila insha ni dakika 1,920, yaani saa 32, na hapo hujaenda semina wala hujafua. Basi msifanye nilivyofanya mimi. Soma insha nzima kwanza, kalamu ikiwa mezani. Halafu andika mambo mawili tu pembeni: swali moja juu ya hoja yake, na kosa moja la lugha linalojirudia. Mimi nilihamia kwenye penseli, na nikaona hata mkono wangu unakuwa na adabu zaidi. Rasimu ya kwanza usiipe alama kabisa. Mwanafunzi akishaona 14 kati ya 20 hasomi tena ulichoandika, anakunja karatasi, basi. Mrudishie bila alama, aandike upya, ndipo umpe. Insha mbili kwa muhula zilizoandikwa mara mbili mbili zinamfundisha kuliko tano za kukusanya na kusahau. Kama kuna jambo moja tu mtakalolichukua katika barua hii, chukueni hilo la rasimu ya pili. Ndiko kozi yenyewe iliko.

Nitawaonyesha. Kijana mmoja wa Ukara, kile kisiwa kilicho ng'ambo ya Ukerewe, aliniletea insha juu ya uvuvi. Ilianza kama zinavyoanza zote: uvuvi ni sekta muhimu sana katika maendeleo ya taifa letu. Kurasa tatu za namna hiyo. Changamoto tano, mapendekezo matano, serikali itoe elimu. Nondo zote za desa, zile notisi wanazopokezana wanafunzi, zilikuwemo, na samaki hakuwemo hata mmoja. Pembeni nikaandika: "Haya unamwambia nani? Na wewe uliyaona wapi?" Akaja ofisini amenuna. Akasema haya kila mtu anayajua, hakuna wa kumwambia. Nikamuuliza nyumbani kwao wanaishije. Akasema mama yake ni mchuuzi wa dagaa. Nikamwambia, basi nisimulie siku moja ya mama.

Akasimulia akiwa amesimama, mkoba begani. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza, maana taa ndizo zinazowavuta dagaa; mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Alfajiri mama yake hununua kwa ndoo pale mwaloni, ufukweni inakotia mitumbwi, anamwaga mchangani, anatandaza. Jua likiwa kali, jioni wamekauka. Mvua ikija ghafla watoto wote wanaitwa, wanakimbia na maturubai, na wakichelewa dagaa wanaoza. Hao hawauziki tena kwa mboga, wanachukuliwa kwa chakula cha kuku kwa bei ya kuonea huruma. Jirani yao amejenga chanja la miti na nyavu kuukuu. Dagaa wake hawana mchanga, na wanunuzi wanamkimbilia yeye. Nikauliza, kwa nini mama naye hajajenga? Kijana akanyamaza, akaweka mkoba chini, akakaa. "Miti, Mwalimu. Kwetu kila mti una mwenyewe."

Hapo ndipo insha ilipozaliwa. Nikamwambia aende akaandike hilo, na amwandikie mtu: viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wao. Rasimu ya pili ilikuwa kurasa mbili. Kiingereza chake kilikuwa kile kile chenye nyufa, lakini sentensi ya kwanza ilikuwa na ndoo, na mvua, na bei. Alidai jambo moja tu, kwamba mwalo ujenge chanja za pamoja na kila mchuuzi alipie sehemu yake. Kisha, bila kufundishwa na mtu, akajibu pingamizi kabla halijatolewa: kwamba waliozoea mchanga hawatakubali kulipa. Alijibu kwa kuhesabu ndoo ambazo mama yake alipoteza msimu mmoja wa mvua, akaweka gharama ya chanja kando yake. Nilisimama nikiwa naisoma. Nikamwambia aiandike mara ya tatu kwa Kiswahili, kwa sababu wasomaji wake hasa ni wa Kiswahili. Nikamkumbusha habari za mzee wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapisha, akaiandika yote upya kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja idarani alilalamika kwamba hii ni kozi ya Kiingereza. Nilimwachia malalamiko yake. Kijana aliyejua anamwambia nani na anataka afanye nini alikuwa ameshika kozi yangu nzima, na baada ya hapo hata Kiingereza chake kilianza kunyooka, maana sasa kilikuwa na kitu cha kubeba.

Ndiyo maana naona tunaanza balagha pasipofaa. Tunaanza kwa Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na mambo yake matatu yanayomshawishi mtu: tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Ni sahihi, mfundishe. Ila wanafunzi wanayakariri kama majina ya mito. Anzeni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Pale Kisesa, mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na ushindi ni wa yule aliyevuta watu wengi upande wake. Watu wanapiga kura kwa miguu. Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi waliotoka Magu na Kwimba: manju, yule mwimbaji kiongozi wa ngoma, anafanya nini akiona watu wanaanza kuhamia ng'ambo? Semina ya saa moja ikaenda saa mbili. Wakasema kwanza anatazama ni nani wanaohama. Wakiwa wazee, anageuza wimbo, anawataja kwa sifa za koo zao. Wakiwa vijana, wanatolewa wachezaji wenye majembe au wenye nyoka. Na kuna manju ambaye hahitaji lolote kati ya hayo, kwa sababu jina lake tu linawarudisha watu. Mimi ubaoni nilikuwa naandika tu, Aristotle akijijaza mwenyewe. Mwisho nikawageuzia: katika insha yako ya wiki iliyopita, msomaji alihama ukurasa gani? Darasa likawa kimya, kila mtu amefungua karatasi yake anatafuta.

Kuhusu programu za akili bandia, ambazo tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 zimewakatisha tamaa baadhi yenu, nitasema machache. Zinaiandika vizuri sana ile insha ya kwanza ya kijana wa Ukara. Ya pili haziiwezi mpaka mtu asimame asimulie ile ndoo. Basi acheni kuagiza ya kwanza. Rasimu iandikwe darasani kwa mkono, na anayeleta insha aulizwe maswali mawili na wenzake, uso kwa uso.

Sasa ajira yenyewe, maana mna watoto na kodi za nyumba. Kupanda cheo kunataka shahada ya uzamivu na machapisho. Saa zenu 32 za kusoma insha hazihesabiwi popote. Linaniuma, na nimelisema vikaoni miaka yote. Lakini msilisubiri. Mnakalia shehena ambayo wenzenu wa idara nyingine hawana: mamia ya rasimu za vijana wa Kitanzania wakijifunza kufikiri kwa lugha ya tatu. Ombeni idhini ya wanafunzi kwa maandishi, ficheni majina, hifadhini rasimu ya kwanza pamoja na ya pili. Chagua jambo moja dogo, mathalani namna wanavyoanza insha, au wanavyotaja maneno ya wengine bila kusema ni ya nani. Shaughnessy alianza na karatasi za wanafunzi, hakuwa na maabara. Mimi nilizichoma za kwangu kila mwisho wa mwaka, nafasi ikiwa ndogo ofisini. Ninazijutia hadi leo.

Na msikae kila mmoja na rundo lake. Marekani kozi ya namna hii ilishika mizizi Harvard mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea vyuo vyote, na walimu wake walidharauliwa kama mnavyodharauliwa ninyi. Wengi wao mpaka leo wanalipwa kwa kozi, bila ajira ya kudumu. Lakini mwaka 1949 waliunda jumuiya yao, wakaanza kukutana na kuchapisha jarida, na kidogo kidogo ufundishaji wa uandishi ukawa taaluma yenye maprofesa. Ninyi wa Mwanza mnapishana kwenye daladala na hamjui mwenzenu anafundishaje.

Nyumbani kwangu pana baraza na meza ndefu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, njooni na insha tano tano, zile zilizowashinda. Tutazisoma kwa sauti, kila mtu aandike swali lake pembeni, tulinganishe. Chai ni juu yangu, penseli ninazo. Na yule wa stendi ya Nyegezi aje mapema, kwa sababu sikupata kumjibu, daladala ilikuwa imeshaanza kuondoka.

Mama yenu na mwalimu mwenzenu,
Mwanza