Samaki wa kando ya vizimba: wamezaliana au wamekusanyika?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Huku kwetu Ilemela, kando ya Ziwa Victoria, maneno ni mengi mwaloni kwamba tangu vizimba vya kufugia samaki viingie ghubani, sato wa ziwani wameongezeka. Wanaosema hivyo hawadanganyi. Ukitega jirani na vizimba jioni, alfajiri hukosi kitu. Mwezi uliopita nilimpasua sato mmoja wa huko: mafuta yamezunguka utumbo, na tumboni punje za chakula cha vizimba, zimevimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Na huyo huenda alitoroka kizimbani, maana sato ni yule yule, hana alama.

Lakini shemeji yangu, anayetega ng'ambo ya rasi ambako hakuna kizimba, siku hizi anarudi na nyavu nyepesi. Je, samaki wamezaliana, au wa kwake wamehamia kwangu kufuata chakula? Tukimwaga ndoo zetu pamoja, pengine idadi ni ile ile ya zamani.

Mpwa wangu anayesomea uvuvi Nyegezi aliponisikia akacheka, akasema swali hilo wanaulizana hata Wazungu wenye mitambo ya upepo baharini. Akanipa mfano wa Block Island, Marekani, penye mitambo 5 iliyoanza kutoa umeme mwishoni mwa 2016. Kule hawakusubiri mitambo isimame. Walianza kukokota nyavu za utafiti mwaka 2012, kila mwezi, hadi 2019, wakitumia chombo cha wavuvi. Walivua pale penye mradi na pia sehemu nyingine mbili zisizo na mradi, ili samaki wakipungua kote wasiilaumu mitambo bure. Matumbo waliyapasua pia, kama nilivyofanya mimi, ila wao waliandika. Kambakoche nao walihesabiwa kwa mitego. Nguzo ziliota kome, na samaki mmoja wa jamii ya chewa anayependa miamba akaonekana zaidi karibu na mitambo baada ya kujengwa. Wanaweza kusema "baada" kwa sababu "kabla" wanayo.

Sisi hatuna. Nasema hivyo nikijitia na mimi humo, maana nilikuwa karani wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, miaka sita. Daftari langu lina jina la mtumbwi, kilo na bei. Safu ya mahali nyavu zilipotegwa haimo, wala saa ngapi zilikaa majini. Kilo ishirini za usiku mmoja na kilo ishirini za siku mbili nimeziandika sawasawa! Najua vipo vipimo vya kukadiria samaki kwa mawimbi ya sauti ambavyo Tanzania, Kenya na Uganda hufanya kwa pamoja, ila hivyo ni vya ziwa zima, na meli ya kupimia haiingii kwenye maji mafupi ya ghuba kama yetu.

Sasa tunaambiwa vizimba vitashushwa na ng'ambo kwa shemeji. Sivipingi, vijana wanapata kazi. Ninachoomba wahusika ni hiki: kabla havijashushwa, mitumbwi miwili ilipwe kutega nyavu za aina moja kila mwezi, mmoja pale na mwingine kwenye ghuba isiyo na mpango wa vizimba. Watege tarehe ile ile ya mwezi mwandamo kila mara, maana siku za mbalamwezi samaki hawanaswi kama siku za giza, na anayelinganisha hizo mbili anajidanganya. Wapime urefu, wapasue tumbo, waandike. Na furu, wale samaki wadogo, waandikwe, wasitupwe kwa kuwa hawana bei. Konokono wa chini nao wachotwe, kwa sababu mabaki ya chakula na kinyesi cha vizimba huwashukia wao kwanza.

Daftari jipya nimeshanunua, safu nimezichora. Rula ninayo. Mtumbwi wa shemeji upo, unavuja kidogo tu.

Karani wa zamani wa BMU,
Ilemela, Mwanza