Gumba likilala, kano ya jirani inaliamsha

Mhariri,

Makala yenu ya majeraha ya mkono nimeisoma yote na ni nzuri, ila pale mliposema neva ikishakatika na muda ukapita basi mtu azoee tu, hapo mi nakataa kabisa.

Mi kioo kilinikata kwenye kifundo cha mkono, neva ya kati, ile inayoendesha misuli ya gumba na kuhisi kwenye vidole, ikaenda, ile nyama ya chini ya gumba ikanywea mpaka ikawa bapa, gumba likalala tu pembeni ya vidole. Sarafu ikiwa mezani siwezi kuiokota, naiburuta mpaka ukingoni naidaka na mkono mwingine, na vifungo vya shati ndo usiseme. Nikaambiwa hakuna la kufanya. Hakuna? Wakati daktari wa upasuaji Huber alishahamisha msuli wa kidole cha mwisho kuja kwenye gumba tangu 1921!

Ni kweli msuli ukikaa bila neva mwaka na zaidi uwezekano wa kuamka unakuwa mdogo sana, lakini daktari wa upasuaji haamshi huo, anaazima mwingine ambao neva yake ni nzima. Kidole cha pete kina kano mbili za kukunjia, yaani zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, ya juu na ya ndani, akichukua ya juu ile ya ndani inabaki na kidole kinakunja kama kawa. Anaipitisha upande wa kidole cha mwisho anaishona kwenye gumba, ikivuta gumba linakuja kukutana na wenzake. Kidole cha shahada nacho kina mbili za kunyooshea, na mi ndo nilichukuliwa moja ya hapo.

Plasta ikakaa wiki kadhaa, ilipotoka mtu wa mazoezi akaniambia achana na gumba, we nyoosha kidole cha shahada. Nikanyoosha, gumba likaenda! Nilicheka kama mwehu. Ubongo unakuwa bado haujajua kano imehama, ila ukirudia rudia kila siku unafika mahali unawaza gumba na gumba lenyewe linaitika.

Sio muujiza lakini, tusidanganyane. Kuhisi kwenye ncha za vidole hakurudi kwa kuhamisha kano, mi mpaka leo lazima niangalie nilichoshika. Na msuli ulioazimwa unapungua nguvu kidogo kwahiyo wanatafuta wenye afya. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi mapema, gumba likishakakamaa limeng'ang'ania kiganja, hata uhamishiwe kano nzuri vipi itavuta bure, mpaka kwanza hiyo sehemu ilegezwe.

Kwahiyo mkiandika tena wekeni hata mstari mmoja tu, mtu amuulize daktari wa mkono kama kuna kano ya kuhamisha, na huku anasubiri awe analivuta gumba kwenda nje kila siku lisigande.

Msomaji wenu