Waachie watu mapigo manne

Columbus, Ohio

Swahiba wangu Hamisi,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ila baridi imeanza. Natumai harusi za msimu huu zinawaweka vizuri wewe na wenzako wa matarumbeta.

Jumamosi nilikwenda uwanja wa Ohio State kutazama mpira wa Kimarekani, nikakukumbuka sana. Timu ni ya chuo kikuu, lakini uwanja unachukua watu zaidi ya 100,000. Bendi yao ni tarumbeta za kila ukubwa na ngoma, basi. Wanapiga Hang On Sloopy, wimbo wa kundi la McCoys uliovuma mwaka 1965. Kwenye kiitikio, pale ambapo mwimbaji angevuta pumzi, uwanja mzima unapaza sauti herufi moja moja: O-H-I-O, huku mikono ikizichora hewani. Mbele yangu alikuwepo mtoto juu ya mabega ya babu yake, hata kusoma hajaanza, na herufi zote nne alizichora bila kukosea.

Aliyeupanga wimbo ule kwa ajili ya bendi ni John Tatgenhorst. Alimbembeleza mkuu wa bendi mpaka akakubali, ukapigwa uwanjani kwa mara ya kwanza tarehe 9 Oktoba 1965, walipocheza na Illinois. Herufi zile hazimo katika wimbo wa McCoys. Mwaka 1985 bunge la Ohio likautangaza kuwa wimbo rasmi wa roki wa jimbo, wakati watu walishaufanya wao zamani!

Kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin nako mashabiki wanaruka kwa Jump Around, wimbo wa kundi la rap la House of Pain, kabla ya robo ya mwisho ya mechi, tangu 1998. Mwaka 2003 wakuu wa chuo waliuzuia, uwanja ukiwa kwenye ukarabati. Wanafunzi wakaja juu, wahandisi wakasema jengo ni imara, wimbo ukarudi.

Mimi naona wimbo unashika pale msikilizaji anapopewa kazi ya kufanya. Ukipiga vizuri mwanzo mpaka mwisho watakupigia makofi, kisha wataenda kula pilau. Kwa hiyo nakuomba, ukipanga wimbo mpya wa kumtoa bibi harusi, usiujaze wote. Waachie akina mama mapigo manne, na msiwafundishe la kusema. Rudieni hivyo kila harusi, halafu unirekodie na kunitumia.

Nisalimie nyumbani kwako wote.

Wako,
Juma