Barua kwa Mama Neema kuhusu Safari ya Mafia

Kikuyu, Dodoma
Januari

Mpendwa Mama Neema,

Salamu kwako, kwa Baba Neema na kwa watoto wote. Huku sisi ni wazima, mvua imenyesha vizuri na majirani wanapalilia mahindi wakiomba isikatike kama ilivyo kawaida yake.

Ujumbe wako nimeupata, nami nimeona si haki kuujibu kwa maneno mawili ya simu. Unauliza kama Mafia inafaa kwa likizo ya familia, au kama Baba Neema yuko sahihi anaposhikilia kwamba mtu akitoka Kondoa na kutumia nauli yote hiyo ni afadhali afike Unguja moja kwa moja. Jibu langu ni kwamba nendeni Mafia, ila kwanza muamue mnakwenda kuona nini, kwa sababu bahari ile haionyeshi kila kitu kwa wakati mmoja, na wengi wanaorudi wakinung'unika ni wale waliokwenda katika mwezi usio wa kile walichokifuata.

Sisi tulikwenda katika likizo ya Desemba kwa ajili ya papa potwe, ambaye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kuanzia Oktoba hadi Machi potwe huonekana karibu kabisa na mji wa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, ule unaotazamana na delta ya Rufiji. Hawaji pale kwa bahati. Mto Rufiji humwaga baharini maji yenye rutuba, rutuba hiyo hulisha vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo navyo hulisha uduvi, ambao ndio chakula cha potwe. Jambo hili lilinigusa kwa namna ya pekee, kwa kuwa Ruaha Mkuu, ule tunaouvuka pale Mtera tukielekea Iringa, ni miongoni mwa mito inayoulisha Rufiji. Kwa hiyo tope linaloondoka kwenye mashamba ya kusini mwa mkoa wetu lina safari ndefu kuliko tunavyodhani, ingawa siku hizi sehemu yake kubwa hubaki katika mabwawa yaliyojengwa njiani. Umeme tunauhitaji, sibishi, lakini tangu nirudi kila nikisikia habari za mabwawa hayo nawakumbuka pia uduvi wa Kilindoni.

Zamani watu waliamini kwamba ikifika Aprili potwe huhama na kwenda mbali. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti wamegundua kwamba wengi wao hawaondoki, bali husogea nje kidogo na kukaa chini zaidi, mahali ambapo mtu aliye juu ya chombo hawezi kuwaona. Nakueleza haya ili mtu asije akakuuzia safari ya potwe mwezi wa Juni kwa hoja kwamba samaki wapo. Kuwapo wapo, lakini wewe hutawaona.

Chombo chetu kiliondoka asubuhi bahari ikiwa imelala. Nahodha alikuwa mtu mzima aliyeanza kazi kwenye mitumbwi ya dagaa, na alituambia kwamba wavuvi na potwe hufuata malisho yale yale, hivyo wakati mwingine potwe huingia ndani ya wavu wa kuzungushia, nao wavuvi huushusha ukingo wa wavu ili atoke. Alipoona kivuli alizima injini, tukavaa miwani ya kuzamia na jaketi okozi, tukateremka taratibu pembeni. Mama Neema, mimi ni mtoto wa Hombolo, maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya bwawa, na sikuwa na hakika kama miguu yangu ingenitii. Niliinamisha uso majini, na kwa muda sikuona chochote isipokuwa ukungu wa kijani. Kisha likaja bapa la kichwa, pana kuliko mlango wa nyumba, mdomo ukiwa wazi unafyonza maji, na nyuma yake ukuta mrefu wa ngozi ya kijivu iliyotapakaa madoa meupe. Matamvua yake ya kupumulia yalifunguka na kufumba polepole. Chini ya tumbo walikuwa wamejishikiza chazo, samaki wadogo wanaosafiri kwa kung'ang'ania wakubwa, na mbele ya pua kulikuwa na kundi la samaki wadogo wa manjano wanaoogelea kana kwamba wao ndio wanaomwongoza. Jicho lake ni dogo mno kwa mwili ule. Alinipita bila kunijali hata kidogo, nikaona mkia ukienda huku na huku hadi ukungu ukaumeza.

Madoa yale si mapambo tu. Kila potwe ana mpangilio wake usiofanana na wa mwingine, na watafiti huwatambua kwa kupiga picha ubavu wao nyuma ya matamvua, kwa hiyo potwe wa Mafia wanajulikana mmoja mmoja, na wengi wao ni madume ambao bado hawajakomaa. Aliyekomaa hufikia mita 12 na zaidi. Wale tuliowaona sisi walikuwa wadogo kuliko hapo, lakini hata hao walikuwa warefu kuliko hiace.

Sasa nikuambie lililoniudhi. Siku ile ile chombo kingine kilifika kikiwa na kelele, watu wakaruka kwa kishindo mbele ya samaki, na kijana mmoja akanyoosha mkono ili amshike pezi. Potwe alizama papo hapo, na wote tukabaki tunatazama maji. Utaratibu unajulikana: muogeleaji hukaa mita 3 kutoka kwenye mwili na 4 kutoka kwenye mkia, hamgusi, hampigi picha kwa mwanga wa ghafla, wala hamzibii njia. Wewe unayeishi jirani na michoro ya miambani ya Kolo unajua jinsi wageni wa zamani walivyokuwa wakiimwagia maji ili rangi zikolee kwa ajili ya picha, na hasara iliyofuata. Hapa ni yale yale, tofauti ni kwamba samaki huweza kuondoka. Kabla hamjalipa mahali popote, mwulizeni nahodha atawaelekeza nini kabla ya kuingia majini. Asiyekuwa na jibu la haraka, mwacheni.

Ikiwa likizo yenu itakuwa ya Juni, basi msiwafuate potwe, wafuateni kasa. Upande wa mashariki wa kisiwa cha Juani kuna fukwe ambazo kasa hupanda usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yapatayo mia moja, hufukia na kurudi baharini bila kuwaona wanawe. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Mlinzi wa viota tuliyezungumza naye, kijana wa palepale Juani, alitueleza kwamba mchanga wenye joto kali hutoa majike wengi na wenye ubaridi hutoa madume, na kwamba kiota kilichotagwa mahali ambapo maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanafika, wao hukihamishia juu kwa mikono, yai moja moja, bila kuligeuza. Walinzi hawa ni wanakijiji, na sehemu ya ada wanayotoa wageni wanaokwenda kuona vifaranga wakianguliwa hubaki kijijini. Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa kuwa nyama na mayai ya kasa vilikuwa vikiliwa, na huwezi kumwambia mtu mwenye njaa aache bila kumwonyesha faida nyingine. Mbali na kasa wa kawaida yupo ng'amba, yule ambaye gamba lake lilimponza kwa kutafutwa na wafanyabiashara wa mapambo. Nguva nao bado wamo katika maji yale ya kati ya Rufiji na Kilwa, lakini ni adimu kiasi kwamba asikuahidi mtu.

Eneo hilo la kusini na mashariki, pamoja na ghuba ya Chole, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Mtalipa kiingilio mkielekea kijiji cha Utende, na kwa raia ni nafuu kuliko kwa wageni wa nje, kwa hiyo kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Kilichonivutia ni kwamba hifadhi hii, tofauti na mbuga tulizozizoea, ina vijiji ndani yake. Watu wanaishi, wanavua, wanalima mwani, ila kuna maeneo yasiyovuliwa kabisa na kuna zana zilizokatazwa, kama vile juya linalokokota chini na kuvunja matumbawe. Uvuvi wa baruti ndio ulioharibu zaidi katika miaka ya kabla ya hifadhi, kisha mwaka 1998 bahari ikapata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Yanayoonekana leo ghubani ni yale yaliyonusurika pamoja na yaliyoota upya, na wazee wa pale hawasiti kusema kwamba gharama ya kuyatunza ilianzia kwenye nyavu zao. Nadhani wana haki ya kulisema hilo, na mgeni ana wajibu wa kulisikiliza kabla ya kusifia rangi za samaki.

Msikose Chole na Jibondo. Chole ni kisiwa kidogo ambacho zamani ndicho kilikuwa makao ya utawala, na kuta za mawe zilizobaki zimekumbatiwa na mizizi ya miti. Juu ya miti mingine wamening'inia popo wakubwa wala matunda, wakijipepea kwa mbawa mchana kutwa. Neema ataupenda mno mti wa popo. Jibondo ni habari nyingine, na kwangu mimi ndiko kulikobaki moyoni kuliko hata potwe. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, mchanga wake haushiki maji, na wenyeji hutegemea mvua na maji yanayoletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Mtu wa Dodoma huelewana nao upesi, maana mazungumzo ya ndoo na foleni hayahitaji mkalimani. Lakini hao hao wasio na maji ya kunywa ni mafundi mashuhuri wa kuunda majahazi. Nilikaa kwenye kivuli nikimtazama fundi akikalafati, yaani akiziba nyufa za chombo: anasokota pamba kwa vidole, anaiweka kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anaigonga kwa tindo butu na nyundo ya mti, kisha anapitisha kidole gumba kusikiliza kama kuna mahali palipobaki. Hakuna ramani ya karatasi. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hulazwa, mataruma, yaani mbavu zake, husimamishwa kwa kukadiria kwa jicho, na chombo kinatoka sawa pande zote mbili.

Kuhusu njia, si ngumu kama Baba Neema anavyoogopa, ila inataka subira. Kutoka Dodoma pandeni treni ya SGR hadi Dar es Salaam, ambayo ni saa tatu na kitu tu, mlale mjini. Alfajiri nendeni Mbagala Rangi Tatu, mpande basi la Nyamisati, na kutoka gatini Nyamisati kuna vyombo vya kwenda Kilindoni. Saa ya kuondoka huamuliwa na maji kuliko saa ya ukutani, basi msipange mkutano wowote siku ya kurudi. Ndege ndogo kutoka Dar hufika kwa muda unaozidi kidogo nusu saa, na bei yake inafahamika. Aprili na Mei epukeni, masika ya kule si kama mvua zetu za kuhesabu, na baadaye upepo wa kusi ukishika bahari huchafuka upande wa wazi, ingawa ndani ya ghuba kunakuwa na nafuu.

Chukueni fedha taslimu za kutosha. Wenyeji wengi ni Waislamu, kwa hiyo kanga na dera zitatumika zaidi ya nguo za kuogelea pindi mtokapo ufukweni. Chakula ni samaki asubuhi na jioni. Chukuchuku ya changu kwa wali wa nazi ilinifanya niusahau mlenda, jambo ambalo tafadhali usimwambie mama. Kitu mtakachokikosa ni pilikapilika. Baada ya Isha Kilindoni hutulia, hakuna muziki wa ufukweni wala umati, na kama watoto wenu wakubwa wanataka hivyo, basi kweli wapelekeni Unguja wala msiwalazimishe.

Namba ya nahodha wetu ninayo, naye hupokea wageni kwa mpangilio kwa sababu hazidishi watu chomboni. Niandikie kabla ya Pasaka mkiwa mmekubaliana ni Juni au ni Desemba, ili nimtaarifu mapema, na unitajie pia nani kati ya watoto hajui kuogelea, kwa kuwa jaketi okozi za saizi ndogo huwa ni za kuagiza. Mkiamua Juni, nami nitaomba ruhusa kazini tufuatane, maana kasa wa Juani sijawaona bado.

Nisalimie mama mkwe wako, na umwambie asali yake ya Kondoa imekwisha.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Subira