Kambale aliyeitika mluzi

Tabora, 14 Juni

Masalu ndugu yangu,

Salamu nyingi, na mama watoto umsalimie sana. Sisi hatujambo, isipokuwa mkono wangu wa kulia umeumuka kama andazi. Sababu yake utaiona huko mbele.

Unakumbuka Pasaka, tumekaa kando ya bwawa lako, ukanibishia kwamba samaki hasikii kwa kuwa hana masikio? Ukapiga makofi, ukapiga ukelele, kambale wako kimya. Ukanicheka mbele ya watoto. Siku ile sikuwa na jibu.

Basi nimekuwa nikisoma habari za Karl von Frisch, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Vienna mwaka 1886. Zama zake daktari mmoja wa masikio, Otto Körner, alifanya kama wewe: aliwapigia samaki mluzi, hawakutikisika, akasema ni viziwi. Von Frisch akawaza, samaki aujali mluzi ili iweje? Akamchukua kambale mdogo, akamtoa macho ili asiuone mkono ukija (hapo nilikifunga kitabu kwanza, nikaenda kunywa maji), akamwekea bomba la udongo la kujifichia. Kila akimlisha, anapiga mluzi, ndipo anamsogezea kinyama kwenye ncha ya kijiti. Baada ya siku chache anapiga mluzi mtupu, kijiti hakipo, na kambale huyo anatoka bombani kutafuta chakula chake! Alimpa hadi jina, Xaverl. Körner akaitwa aje ashuhudie, naye akakubali. Taarifa ikachapishwa mwaka 1923.

Sikio analo, Masalu, limo ndani ya fuvu. Kambale ana vijifupa vinavyotoka kwenye kibofu cha hewa hadi kwenye sikio hilo. Sauti ikikitikisa kibofu, vijifupa vinafikisha habari. Hata dagaa wa ziwa lenu la Victoria wanavyo. Sato hana, usikivu wake ni hafifu zaidi, kwa hiyo usianze na sato halafu uniite mwongo.

Sasa mkono. Kabla ya samaki huyo, bwana yule alikwisha kugombana na mkubwa mwingine, Carl von Hess, daktari wa macho, aliyeshikilia kwamba nyuki haoni rangi. Mwaka 1914 von Frisch alitoa jibu lake: kadi za kijivu, kuanzia iliyopauka hadi iliyokolea, na moja ya buluu katikati yao. Kwenye buluu ndiko anakoweka maji ya sukari, na kila mara anaihamisha. Kama nyuki haoni rangi, lazima aichanganye buluu na kijivu mojawapo. Siku ya mtihani visahani vyote vikavu, na nyuki wakatua kwenye buluu.

Nami nikakata manila, nikapaka rangi, nikapanga mezani chini ya mwembe. Siku ya nne nikaweka kadi mpya na visahani vitupu. Walizunguka kidogo, kisha wakaijaza buluu hadi ikawa nyeusi kwa nyuki. Nilipowafundisha nyekundu wakababaika, wanatua kwenye nyekundu na kwenye nyeusi vilevile. Kumbe ndiyo maana tukienda kurina asali usiku tunafunga tochi kitambaa chekundu! Miaka yote nilidhani ni mazoea tu ya wazee. Glovu nilikuwa nimevua ili nishike kadi vizuri, wakanishukia.

Nyuki ndio waliomwokoa von Frisch. Mwaka 1941 watawala wa Kinazi walitaka kumng'oa chuo kikuu cha Munich kwa sababu ya bibi yake mwenye asili ya Kiyahudi. Lakini ugonjwa wa Nosema ulikuwa unateketeza mizinga Ujerumani, na bila nyuki hakuna matunda, wakamwacha autafutie dawa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1973, mzee wa miaka 86.

Nina ombi. Chagua kibwawa kimoja, gonga bomba la chuma ndani ya maji mara tatu kabla hujamwaga chakula, kila siku kwa wiki mbili. Kisha siku moja jifiche nyuma ya migomba, mwambie kijana wako agonge bomba kwa kuvuta kamba, chakula kisiwepo. Wakija, kambale wawili wakubwa ni wangu. Wasipokuja, nakutumia dumu la asali, lita tano.

Ila macho yao uwaachie.

Ndugu yako,
Maganga